Kwenu Baba Ni Nani?

Kwamboka, nyathina, mwanangu,

Mmetoka sasa hivi na mzee wako kwenda kumuaga magokoro, nyanya yako, nami nimefunga mashine ya masweta mapema. Kuna mteja alikuja na watoto wawili wa kupimwa, nimemwambia arudi wiki ijayo. Akanuna. Wacha anune, mtoto wangu hasafiri kila siku. Nyumba imenyamaza, isipokuwa kwaya ya kanisani hapo juu wanaojiandaa kwa Sabato. Wamerudia ubeti mmoja mpaka nimeanza kuuchukia, Mungu anisamehe.

Sitakuandikia habari za soksi. Pasipoti, dawa ya kifua, nani atakupokea uwanjani, begi lisiachwe kwa mtu: hayo tumeyasema mpaka ukaniambia, "Mama, nimeshika." Sawa, umeshika. Lakini kuna jambo moja hujalishika, au mimi ndiye sijalisema vizuri. Jumapili tulipokuwa tukimenya ndizi ulisema, bila hata kuinua macho, "Naenda kuwaosha wazee wa watu Ujerumani, na wangu nimemwacha kwa masista." Nikanyamaza. Unanijua, mimi si mtu wa kunyamaza. Nilijua nikifungua mdomo nitalia, na nikilia utafungua begi uanze kupanga nguo zako kabatini. Kwa hivyo nakujibu leo kwa kalamu, usiweze kunikatiza.

Hukumwacha magokoro. Mimi ndiye niliyekuwa karibu kumwacha, nikidhani namsaidia. Wewe ulimrudisha. Nataka uipande ndege ukijua hivyo, na ili ujue lazima nianzie mbali kidogo, kwenye neno moja.

Nilipokuja huku kutoka ziwani nilijua maneno mawili ya Ekegusii, bwakire na mbuya mono, moja la kusalimu na moja la kushukuru. Mzee wako naye Kijaluo chake kilikuwa cha kununulia samaki. Tukakutana katikati, kwenye Kiswahili, na ndiyo sababu nyumba hii imesema Kiswahili mpaka leo. Sasa, kabla hatujaoana alikuwa ameniambia wazi kwamba babake alifariki yeye akiwa shule ya msingi. Halafu siku moja ananiambia, "Baba amesema twende nyumbani Ekerenyo Jumapili." Nikameza mate. Njiani anasema, "Tumnunulie baba sukari, anapenda chai tamu." Nikanunua sukari. Nilisema moyoni, hawa watu wanapeleka sukari kaburini, na mimi nimeshapenda, nitafanya nini?

Tukafika. Kutoka kwenye migomba akatokea mama mmoja mfupi, amefunga kitambaa cheupe, kikapu cha majani chai mgongoni. Mzee wako akainama kidogo akasema, "Baba."

Nilicheka, Kwamboka. Nilicheka mpaka nikashika mti. Hofu yote ya njiani ilitoka kwa kicheko. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kwa Wagusii baba ndiye mama, na baba wa kwetu wao humwita tata. Mzee wako alielewa, akacheka pia, lakini baadaye, kando. Mama mkwe hakucheka. Aliona msichana wa ziwani, mrefu kama mlingoti, amekuja kwake mara ya kwanza akamcheka usoni. Nilieleza. Nilieleza miaka. Yeye alinipa chai, akanipa ndizi za kubeba, akaniheshimu mbele ya watu, na hakunisogeza karibu hata siku moja. Nilimwita mama kwa Kiswahili. Yeye aliniita mtu wa ziwa.

Ulipozaliwa ndiye aliyekupa jina. Niliuliza Kwamboka ni bibi gani wa ukoo. Mzee wako akasema maana yake ni kuvuka, eti mamake alisema, "Mama ya huyu alivuka kuja kwetu." Sikujua kama ni sifa au kijembe. Hata leo sijui.

Alipoanza kusahau, Kiswahili ndicho kilichomtoka kwanza. Alikuwa amejifunzia sokoni, akiwa mtu mzima, na kilichujuka kidogo kidogo kama rangi ya sweta linalofuliwa kwa maji moto. Kikabaki Ekegusii chake, na changu cha kuulizia bei ya nyuzi. Mimi na yeye tukabaki na macho tu, na macho yetu hayakuwa yamewahi kupatana.

Halafu kuosha. Unakumbuka mzee wako alivyokuwa akisimama nje ya chumba cha mamake na beseni la maji moto mkononi? Mwalimu wa hesabu, mwanamume anayeogopwa na darasa zima, hawezi kuvuka kizingiti. Chinsoni, ile haya ya Wagusii. Nilipoletwa huku niliona chinsoni ni ukaidi tu: baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, mwana haoni kitanda cha mamake, kila mtu na mpaka wake. Siku ile nilimtazama machozi yakimdondokea ndani ya beseni, nikaelewa kwamba ile haya ndiyo heshima yenyewe, ndiyo namna aliyofundishwa ya kumpenda mamake. Asingeweza kuivunja bila kumvunja mama mwenyewe. Mimi mkwe nilijaribu. Nilikunja mikono, nikachukua kitambaa. Alinishika kwenye kifundo cha mkono akanisukuma. Alikuwa amesahau jina la mwanawe, lakini mtu aliyemcheka hakumsahau.

Ukabaki wewe. Mjukuu na nyanyake hawana mpaka, hiyo nayo ni mila, na ashukuriwe aliyeitunga. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, ukahamia Ekerenyo na godoro lako. Ulimwosha huku mkigombana. Alikuita mke mwenza, akadai umemnyang'anya mume, nawe ukamjibu, "Mchukue, hana meno." Nilikuwa nasikia hicho kicheko chenu kutoka barabarani. Ukirudi mjini kwa masomo ya Kijerumani ulikuwa unanuka moshi na sabuni ya mche, na sikujua mtu anaweza kuonea fahari harufu.

Lakini magokoro alianza kutoroka. Anaamka, anajitwika kikapu, anaingia shamba la mtu yeyote kuchuma chai ya watu. Siku moja akaletwa na bodaboda aliyemkuta amekaa kando ya barabara kubwa. Na wiki hiyohiyo nafasi yako ya Ujerumani ikatoka, mafunzo na kazi katika nyumba ya wazee. Ukasema huendi. Ukasema kama kawaida yako, taratibu, ukiendelea kukata mboga, "Siendi, mama. Nani atamwosha?"

Nilikasirika. Sitakudanganya kwamba nilihuzunika, nilikasirika. Niliona mtoto wangu akizeeka pale kwenye kiti cha jikoni. Nikasema nitaliondoa hilo swali katikati ya njia, na nikatafuta makao ya wazee haraka haraka, kama mtu anayetafuta mwavuli mvua ikishaanza. Mimi, ambaye kitambaa nakivuta, nakikunja, nakinusa kabla ya kukinunua, makao ya mama mkwe niliyachagua kwa macho. Mahali pa mbali, vigae vinang'aa, runinga ukutani, ua limekatwa sawasawa. Uzuri wa mkakasi. Nilipompeleka, niliwaeleza wale watu dawa zake zote, nikaeleza kwamba ni Msabato hali nguruwe, nikaeleza ugali wa wimbi. Nilijisifu moyoni kwamba hakuna mkwe aliyewahi kueleza vizuri hivyo. Neno moja tu sikuwaeleza, na kati ya watu wote duniani ni mimi niliyepaswa kulikumbuka.

Wewe ndiye uliyekwenda kumwona. Mimi nilikuwa na masweta ya shule. Saa nne asubuhi ukanipigia.

"Mama, tunarudi."

"Nyinyi na nani?"

"Mimi na magokoro. Tuko stendi."

Nikafoka. Nani kakupa ruhusa, umesaini nini, unajua nilivyohangaika? Uliniacha nimalize. Kisha ukasema, "Wanamwambia baba alikufa."

Nami, kwa akili yangu hii, nikakujibu, "Kwani si kweli? Babake angekuwa na miaka mingapi?"

Nilisikia makanga wanaita abiria. Halafu ukasema polepole, kama unayemfundisha mtoto kusoma, "Mama. Baba."

Nilikaa chini, pale pale sakafuni, katikati ya nyuzi.

Umenisimulia baadaye na sijaacha kuisikia. Yule kijana mwenye sare nyeupe alikupokea vizuri, akakuambia shosho wenu ni mtu mwema, ila anamlilia babake sana. Kila akiita, wanamshika mkono na kumwambia pole shosho, baba alikufa kitambo. Kiswahili chote kilikuwa kimemtoka, lakini maneno hayo mawili aliyashika, baba na kufa. Mtu mpole alikuwa akija kumpasha habari kwamba mamake amekufa, naye kila mara aliisikia kwa mara ya kwanza, akaomboleza upya, na kwa sababu anaomboleza akaita tena. Hawakuwa watu wabaya. Hilo ndilo linaloniuma. Kama wangekuwa wabaya ningewalaumu, nikalala.

Ukamrudisha Ekerenyo, na baba zako wakubwa na wadogo wakaja kukaa kikao. Penye wengi hapaharibiki neno, husema watu, lakini siku ile maneno yaliharibika sana. Mtu wa ziwa amemtupa mama yetu. Mgusii hapeleki mama kwa wageni. Nami nilikaa pale kwenye benchi nikijua nusu ya wanayosema ni kweli. Ndipo ukaingia na birika la chai. Ukawamiminia wote, mmoja mmoja, kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa, kisha ukasimama karibu na mlango na kusema kwa Ekegusii kizuri ambacho mimi sina. Mzee wako alinitafsiria baadaye. Ulisema, "Mimi naondoka mwezi ujao au nabaki, mtakavyoamua. Nikiondoka, nani kati yenu ataingia ndani kumwosha?"

Walitazama vikombe. Hakuna aliyeweza, na hukuwa ukiwadhihaki, uliwauliza kwa chinsoni yao wenyewe. Yule mkubwa wao, aliyekuwa amepaza sauti kuliko wote, akasema mwishowe, "Mtoto amesema." Mzee wako alitoka nje. Nilimfuata nikidhani amekasirika. Alikuwa amesimama kwenye migomba akifuta miwani, akasema kwa Kiswahili, "Huyu tumemzaa sisi?" Nikamwambia ulizia hospitalini.

Kisha tukatafuta upya, na safari hii wewe ukiwa mbele, mimi nyuma nimebeba mkoba wako. Hukuangalia vigae. Uliuliza swali moja kila mahali: mzee akiita baba, mnafanya nini? Mahali pa kwanza wakasema wanamtuliza. Ukauliza, kwa kumwambia nini? Wakaona unawasumbua. Mahali pa pili mkubwa wao alikuwa amesoma sana, akakueleza dakika nyingi jinsi wazee wanavyorudi utotoni. Alieleza vizuri, na yote huenda ni kweli. Ukamshukuru, tukatoka. Mimi niliona umekuwa mkali. Nilikuambia ndani ya gari, "Sasa wewe unataka Mgusii kila mahali? Nani atajua hilo neno?" Ukasema, "Sitaki wajue, mama."

Sikukuelewa mpaka tulipofika kwa masista, njia ya kuelekea Nyamira. Nyumba ya kawaida, bati limechakaa kidogo, kuku wanapita. Sista mkubwa ni mtu wa Kitui, Ekegusii hajui hata chembe. Alikuwa akipanga vikombe. Ukamuuliza swali lako. Aliweka kikombe chini, akakutazama, akasema, "Kwenu baba ni nani?"

Ndipo nikaelewa ulichokuwa ukitafuta kote kule. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa, na uliona kitu ambacho sikukiona katika maisha yangu yote ya kuishi kwenye lugha za watu. Mtu anayejua atakosea siku moja. Anayeuliza ndiye wa kumwachia mama. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku, kisha sisi wenyewe tunajibu kabla ya swali.

Ukamwambia baba ni mama. Akauliza, "Basi akimwita tumwambie yuko njiani?" Ukasema, "Msimdanganye, sista. Mwulizeni mamake alikuwa akipika nini." Akacheka, akaomba umfundishe kuuliza hivyo kwa Ekegusii, akaandika kwenye kiganja chake. Mzee wako alipinga kidogo, Msabato kulelewa na Wakatoliki, mpaka sista akamwambia Jumamosi ataimba magokoro, Jumapili wataimba wao, na jikoni hakuna nguruwe. Ukalala kule siku kadhaa mpaka alipozoea. Sasa wote, hata mpishi, wanajua mboga ya saga ilivyopikwa na mama yake magokoro, na maziwa yaliyotiwa, na chungu kilichovunjika. Mtu aliyekuwa akifiwa kila siku sasa anapikiwa kila siku.

Hilo ndilo unaloliita kumwacha. Usiliite hivyo tena mbele yangu.

Na sasa nikuombe kitu. Huko unakokwenda, ni wewe utakayekuwa na sare nyeupe. Utakuwa mpole, maana ndivyo ulivyo, na utakuwa umechoka, na jibu litakuwa tayari mdomoni. Atakuwepo mzee anayeita neno unalodhani unalijua. Huenda ni jina la mbwa wake, huenda ni mtaa wa utoto wake. Siku hiyo mkumbuke yule kijana aliyemshika magokoro mkono, na usimhukumu sana. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usikae chini sakafuni kama mimi. Inuka ukaulize. Mimi kicheko kimoja nilikaa nacho miaka zaidi ya ishirini nikieleza, badala ya kumuuliza siku moja tu, "Nilikuumiza?"

Kuna jambo sijawaambia, si wewe si mzee wako. Jana nilisema naenda kuchukua nyuzi. Nilikwenda kwa masista. Magokoro alikuwa nje kwenye benchi, amevaa lile sweta la kijani nililomfumia, vidole vyake vinachuma ukingo wake kama chai, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Nilikaa kando, mbali kidogo, pale ninapokaa siku zote. Akageuka. Akanitazama muda mrefu, mimi na urefu wangu wote. Akasema, "Baba."

Niligeuka nyuma kuangalia nani amekuja. Hapakuwa na mtu. Akasema tena, akaninyooshea mkono.

Sijidanganyi. Hakujua mimi ni nani. Labda mamake alikuwa na pengo la meno kama langu, labda kilikuwa kivuli tu. Lakini safari hii sikucheka. Niliitika. Sista akaleta maji ya moto kwenye beseni, nikapiga magoti, nikamwosha miguu. Hakunisukuma. Nilimwosha polepole, kila kidole, na nikamuuliza kwa Ekegusii changu kibovu mamake alikuwa akipika nini, akanieleza mpaka maji yakapoa. Sikuelewa hata robo. Nilirudi nyumbani nikiimba, mzee wako akaniuliza nyuzi ziko wapi.

Hiyo nayo ni kazi yako, Kwamboka. Ulitafuta mahali pa magokoro, na nami nikapata mahali humo humo. Najivunia wewe mpaka watu wa sokoni wamechoka kunisikiliza, na kesho nikirudi kutoka kukusindikiza nitaanza tena.

Nasikia sauti ya mzee wako getini, nimalizie. Nitaiweka barua hii ndani ya mkono wa sweta la bluu, uikute ukisikia baridi. Siku moja huko utaugua, au utachoka tu, na utajikuta unaita mtu. Sijui itatoka kwa lugha gani. Ukiita mama, ni mimi. Ukiita baba, mzee wako asiudhike, ni mimi pia. Wewe ita.

Mamako, aliyevuka